Mlango wa dereva haujifungi kwa rimoti, mingine inajifunga fresh

Mgosi wa Pwani: Wakuu habari za mchana. Nina kagari ka Kijapani ka 2005, mlango wa dereva umeanza kunisumbua. Nikibonyeza rimoti mingine yote inajifunga vizuri tu ila huu unabaki wazi, ukitega sikio unasikia kitu kinanguruma kidogo kwa ndani halafu basi. Asubuhi unaweza kukubali, mchana gari ikishakaa juani unagoma kabisa. Kwa funguo unafunga bila shida. Fundi wa mtaani anasema kontroli boksi (kile kiboksi kinachopokea rimoti na kuamrisha loki) imekufa, ninunue nyingine laki moja na nusu, bado ufundi, na hata kava la mlango hajalifungua. Nimeona niulize kwanza kabla sijaachia hela.

Waya Mwekundu: Mkuu usinunue. Kama milango mingine inaitikia rimoti basi boksi inapokea na inatuma. Tena gari nyingi za Japani umeme wa kufunga unaenda milango yote kwa pamoja, wa kufungua ndo mlango wa dereva unakuwa na waya wake, sasa boksi itakufaje kwa kufunga tu tena mlango mmoja? Angalia ule mpira kati ya mlango na bodi, mlango wa dereva unafunguliwa kuliko yote kwa hiyo nyaya zinakunjwakunjwa mpaka zinakatika ndani kwa ndani, ganda kwa nje unaliona zima. Utikise huo mpira huku mtu anabonyeza swichi ya loki, ikishtuka umepata.

Dada Spea: Kwa huo mngurumo mi nasema mota ya ndani ya loki. Waya ukikatika kabisa loki inakuwa kimya. Hapo kaboni, vile vipande vinavyopitisha umeme ndani ya mota, zimeisha, joto likizidi ndo inakosa nguvu. Ila pima usikisie: toa kava, chomoa soketi ya loki, tafuta nyaya mbili za mota, zile nyingine ni za swichi za humo ndani achana nazo. Ukibonyeza funga inakuja volti 12 mara moja tu, hata sekunde haifiki, ukibonyeza fungua inakuja kinyume. Tumia balbu badala ya mita ya umeme, maana waya uliobaki uzi mmoja mita itakusomea 12 safi kabisa na bado mota haiwezi kuzunguka, balbu itafifia utaijua.

Mgosi wa Pwani: Nimejaribu na balbu ya indiketa, inawaka kali kufunga na kufungua. Mpira nimetikisa mpaka basi hakuna mabadiliko. Kwa hiyo ni mota? Na ninunue loki nzima au?

Waya Mwekundu: Mota hiyo. Kama una mkono mwepesi nunua kamota kenyewe tu, loki nyingi zinatumia mota aina ya FC-280, bei ndogo sana, angalia urefu wa shafti ufanane.

Dada Spea: Kuipasua plastiki ya loki ili ubadilishe mota bila kuivunja si kazi ya kila mtu, na chemchemi ikiruka usiku kucha utaitafuta. Mi ningechukua loki ya mtumba Gerezani, pale Dar, ya mlango wa kulia mbele, pini za soketi zilingane na yako, na wakujaribie kwa betri hapohapo, wagusishe tu wasishikilie wataiunguza. Halafu ile nailoni ya ndani ya mlango irudishe na gundi yake, mafundi wengi wanaichana wanatupa, mvua ikipiga unashangaa kapeti limelowa.