Naomba ushauri: nukta nundu kwa mtu mzima

Wanajamvi habari zenu, wakubwa shikamooni. Baba mdogo, fundi seremala, amepoteza uwezo wa kuona ukubwani, nami namfundisha nukta nundu (Braille, maandishi ya vinundu yanayosomwa kwa vidole). Mpangilio kaushika upesi: kila herufi ina nafasi ya nukta sita, A hadi J hutumia nne za juu, K hadi T ni zilezile ukiongeza nukta ya 3 (ya chini kushoto). (W ndiyo imekaa kivyake, na Kiswahili kinavyoipenda!) Tatizo ni E na I, D na F, H na J: zimegeuziana kama kwenye kioo. Kwenye trei ya mayai, gololi zikiwa ndiyo nukta, anapatia. Akirudi kwenye karatasi anachanganya.

Jozi hizo nizitenganishe kwanza, au nizifundishe pamoja ndani ya maneno? Na vidole vilivyokomazwa na randa hulainika, au nitafute karatasi yenye nukta kubwa zaidi?