Alkoholi katika damu ya marehemu: yathibitisha nini kuhusu kujitoa uhai?

Mkaazi wa Kisauni
Assalaam aleikum. Naomba ufafanuzi kwa wenye ujuzi wa uchunguzi wa maiti. Binamu yangu alikutwa amefariki chumbani mwake siku mbili baada ya kuonekana mara ya mwisho, katikati ya joto la kaskazi, na polisi wanaamini kwamba alijitoa uhai. Taarifa ya maabara inasema damu yake ilikuwa na miligramu 40 za alkoholi katika kila mililita 100. Nyumbani tumegawanyika: wazee wanashikilia kwamba hakuwa akinywa kabisa, kwa hiyo taarifa nzima ni ya kutiliwa shaka, na vijana wanasema pombe ndiyo iliyomsukuma. Je, kiasi hicho chatosha kuunga mkono upande wowote?

Daktari wa Tudor
Wa aleikum salaam, na poleni kwa msiba. Hakitoshi. Nitaanza na wazee, kwa kuwa hoja yao ina uzito kuliko wengi wanavyodhani. Mwili uliokaa siku mbili katika joto la Mombasa huweza kujitengenezea alkoholi: bakteria na hamira hutoka matumboni, huifikia sukari iliyomo katika damu na tishu na kuichachusha, kama tembo tamu la asubuhi linavyogeuka kali kabla ya magharibi bila mtu kulitia chochote. Miligramu 40 zaweza kabisa kutokana na hali hiyo, ingawa zaweza pia kuwa mabaki ya pombe aliyokunywa.

Ndiyo maana mpasuaji mwangalifu haridhiki na damu ya moyoni, ambayo iko karibu mno na tumbo, bali huchukua ile ya mshipa mkubwa wa paja, akaitia katika chupa yenye floridi ya sodiamu ili vijidudu visiendelee na kazi, kisha akachukua mkojo na majimaji ya ndani ya jicho. Jicho limejitenga na vijidudu huchelewa kulifikia. Basi alkoholi ikiwa katika damu na isiwe katika jicho wala mkojo, dhana kwamba ilizalika baada ya kifo hupata nguvu. Ipo pia ethili glukuronaidi, ambayo ini la mtu aliye hai huitengeneza linapoishughulikia alkoholi, na kupatikana kwake ni dalili nzito kwamba marehemu alikunywa.

Kuhusu vijana, uhusiano wa pombe na kujitoa uhai upo, wala si uvumi. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2004 yalionyesha kwamba waliokutwa na alkoholi miongoni mwa waliojitoa uhai walikuwa kati ya asilimia 10 na 69, kutegemea utafiti. Kwangu mimi, upana huo una maana kuliko tarakimu yoyote moja iliyo ndani yake. Hata hivyo hizo ni habari za makundi; hazimwambii hakimu kilichomfika mtu mmoja.

Msomaji wa Likoni
Ya maabara nayakubali, Daktari, lakini naona unaipunguzia pombe lawama. Ni wangapi hapa Pwani tuliowaona wakianza na mnazi, wakahamia chang'aa, kisha wakapoteza kazi na watoto kabla ya kufikia hapo?

Muuguzi wa afya ya akili, Mikindani
Ndugu yangu, hapo yanachanganywa mambo mawili. Unywaji wa miaka mingi huambatana na sonona, madeni na upweke. Ulevi wa saa ile ni jambo jingine: hulegeza kujizuia, huifunga akili katika uchungu wa wakati huo, na humfanya mtu atekeleze wazo ambalo huenda lingepita. Mnywaji wa muda mrefu aweza kufa akiwa hana alkoholi yoyote mwilini, hasa akiwa ameacha karibuni na wasiwasi na kukosa usingizi vimemzidi. Kwa hiyo hata taarifa yenye sufuri isingeiondoa pombe katika habari ya mtu.

Historia hiyo huulizwa kwa waliokaa naye: alilala vipi, alitibiwa nini, aliwahi kujaribu? Na aliyebaki nyumbani akilemewa na mawazo ya aina hiyo, 1199 ya Msalaba Mwekundu hupigwa bila malipo.

Wakili wa Kizingo
Naongeza moja. Kwa vifungu 386 na 387 vya sheria ya mwenendo wa jinai, polisi humjulisha hakimu kifo kinachodhaniwa ni cha kujitoa uhai, naye hakimu ana mamlaka ya kukichunguza. Maswali kuhusu sampuli yawasilisheni kwa maandishi kwa mpelelezi, yaingie katika faili. Familia nyingi huficha majaribio ya nyuma kwa sababu lilikuwa kosa la jinai. Tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu 226 cha Kanuni ya Adhabu kinakiuka Katiba, kwa hiyo hofu hiyo haina msingi tena.

Mkaazi wa Kisauni
Shukran nyote. Nimeisoma taarifa upya: imeandikwa «damu ya moyo», na haitaji mkojo wala jicho. Tulimzika siku ile ile.

Daktari wa Tudor
Basi ile 40 isihesabiwe kuwa ushahidi wa kunywa wala wa kutokunywa. Ulizeni kama damu yoyote imebaki maabara, na iwapo ipo, ombeni ipimwe ethili glukuronaidi kabla haijatupwa.