Naomba ushauri: kulinganisha mdiria na cherero kwa wanafunzi

Habari zenu wakuu. Ninasimamia klabu ya mazingira ya shule ya msingi hapa Mwanza, na nataka watoto walinganishe ndege wawili wanaowaona wenyewe: mdiria mweusi-mweupe wa ziwani na cherero wa Fischer, yule kasuku mdogo wa kijani mwenye mdomo mwekundu na duara jeupe kuzunguka jicho.

Mdiria ana sentimita 25 hivi, hula samaki, na huweza kusimama hewani akipiga mabawa kabla ya kujitupa majini. Cherero ana kama sentimita 15 na hula mbegu, mtama pia, ndiyo maana wakulima hawampendi. Wote huzaa kwenye matundu, ila mdiria huchimba lake kwenye kingo za udongo, cherero hutumia matundu ya miti.

Nimekwama kwenye jinsia. Mdiria dume ana mikanda miwili myeusi kifuani, jike mmoja uliokatika katikati, watoto wataona mara moja. Cherero dume na jike wanafanana kabisa. Je, kuna tabia gani ya kuwatofautisha wakiwa porini?

Pia mzazi mmoja anashauri tununue cherero wawili tuwafuge shuleni. Moyo wangu unakataa, kwa sababu ndege hawa walikamatwa mno kwa biashara miaka ya 1980 na asili yao ni hapa kwetu kaskazini mwa Tanzania. Nimjibuje bila kumvunja moyo? Na darubini ya bei nafuu inayowafaa watoto ni ya aina gani?