Je, inafaa kuripoti habari za ziwani bila kufika mwaloni, mitumbwi ya uvuvi inakotia nanga?

Mwandishi_Ujiji:
Ndugu zangu, ninaandikia gazeti moja nikiwa hapa Kigoma. Mhariri wangu anataka habari ya jinsi kufungwa kwa uvuvi Ziwa Tanganyika, kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, kulivyowaacha wakazi wa vijiji vya kusini, lakini nauli ya boti hakutoa. Anasema simu, picha za setilaiti na video za WhatsApp zinatosha. Nikiandika hivyo, nitakuwa nimemtendea haki msomaji?

Mhariri_Mkongwe:
Mdogo wangu, setilaiti usiidharau, ila ujue inapokomea. Picha za Sentinel-2, ambazo Umoja wa Ulaya huzitoa bure, kwa ubora wake wa juu kabisa hupima mita 10 kwa kila nukta. Ufukwe uliomezwa na maji utauona, lakini mtumbwi wa mvuvi huenda usiuone kabisa. Mwaka 2015 waandishi wa shirika la habari la Marekani, Associated Press, walipofichua utumwa katika uvuvi wa Asia ya Kusini-Mashariki, picha ya setilaiti iliwaonyesha meli zikihamisha samaki katika maji ya Papua New Guinea, na kazi hiyo ikapata Pulitzer, tuzo kubwa ya uandishi wa habari ya Marekani, mwaka 2016. Hata hivyo, walikuwa wamekwisha kufika kisiwani Benjina, Indonesia, wakawasikiliza watumwa wenyewe, ndipo wakajua ni meli zipi za kutafuta.

Binti_Unyanyembe:
Shikamoo, Mzee. Nami niliwahi kuandika habari ya tumbaku ya Urambo kwa simu tupu. Wote waliopokea simu zangu walikuwa viongozi wa chama cha msingi cha ushirika wa wakulima, nao walinieleza kwamba malipo yanakwenda vizuri. Nilipofika huko baadaye, nilikuta wakulima wasio na simu, tena wenye madai ya msimu mzima, na hadi leo habari ile inaniuma. Kaka, huko kusini video utatumiwa na wenye mitumbwi. Mama anayeanika dagaa mchangani atakutumia kwa simu ipi? Droni nayo si njia ya mkato, kwa kuwa inahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na hata ikiruka haiulizi swali.

Mwandishi_Ujiji:
Nashukuru sana. Nitamwomba mhariri nauli ya kijiji kimoja tu, na vile nitakavyovifikia kwa simu nitavitaja waziwazi ndani ya habari kwamba sikufika.