Naomba ushauri: kidokezo cha kinyume kimemtoa mjomba kwenye grupu

Msusi wa Maneno (mleta uzi)

Habari zenu wakuu. Naomba mnisikilize mpaka mwisho, maana jambo lenyewe linaonekana dogo ila mimi limeninyima usingizi.

Nafanya kazi ya uuguzi zamu ya usiku hapa Leicester. Mzee mmoja wa zamu yetu alinifundisha chemshabongo ya magazeti ya Kiingereza, si ile ya kawaida, ile ya mafumbo. Kidokezo kinasema jambo hili kumbe kinakusudia lile. Upande mmoja unakupa maana ya jibu, upande wa pili unakupa namna ya kulijenga: unavuruga herufi, unalichimbua lilikojificha ndani ya maneno mengine, au unaligeuza. Nambari kwenye mabano ni idadi ya herufi.

Nikaona hili ni letu kabisa. Tangu Ramadhani natunga kimoja cha Kiswahili kila siku, nakituma alfajiri zamu ikiisha kwenye grupu la WhatsApp la watu 11, ndugu na marafiki wa Tanga, Mombasa na Maskati. Cha kwanza kilikuwa hiki: "Mama jirani ameyaficha ya kunywa (4)". Jibu MAJI, limelala ndani ya ma-MA JI-rani. Dada yangu alilipata kabla hajatandika kitanda. Baadaye nikatunga hiki: "Ndani ya shaba, hariri: hapo jahazi husafiri (6)". Hicho kilikaa mpaka adhuhuri ndipo shemeji akaibua BAHARI katika sha-BA, HARI-ri. Siku hiyo nilifurahi mno.

Sasa juzi nikatuma hiki: "Geuza mate, uyatoe (4)". Nilikiona kitamu kuliko vyote. Ma-te ukiyapindua unapata te-ma. TEMA.

Mjomba wangu wa Mombasa, mtu aliyejaza chemshabongo za Kiingereza miaka na miaka, akaandika: "Mate ukiyageuza ni etam. Huu ni ubabaishaji." Nami kwa haraka nikamjibu pale pale mbele ya wote: "Mjomba, hiki si Kiingereza." Akajitoa kwenye grupu. Simu hajapokea.

Naombeni ushauri. Kugeuza kwa Kiswahili kunafuata silabi au herufi? Pili, vidokezo vyangu vingi vinafichuliwa na ngeli, kama ile "ya" ya maji. Nafanyaje? Na mjomba nimrudishe vipi?

---

Nahodha wa Kibokoni

Dada, kwenye silabi wewe uko sahihi na huna haja ya kuomba radhi. Kinyume sisi tumekua nacho. Utotoni tukiwa hatutaki wakubwa watuelewe tulikuwa tukisema kwa kinyume, silabi ya mwisho inatangulia: kalamu inakuwa mukala, maji yanakuwa jima. Hakuna mtoto aliyegeuza herufi mojamoja. Askofu Steere alipoandika juu ya Kiswahili cha Unguja mwaka 1870 alikieleza kinyume vilevile, silabi ya mwisho kuwekwa mbele.

Na angalia lugha yenyewe. Maneno yetu huishia irabu. Neno likianza kwa konsonanti, ukilisoma herufi kwa herufi kutoka nyuma linaishia konsonanti, si neno tena. Kwa silabi mlango unafunguka: wali na liwa, chapa na pacha, bara na raba, saka na kasa, ziwa na wazi. Hata hii: "Tumia jembe kinyume upate utajiri (4)". Lima, mali. Wazee wangeipenda.

---

Bi Mkasi

Mimi nitasema la mjomba tu. Umekosea. Mjomba hajibiwi kwenye grupu, hata ukiwa na haki. Mpigie mama yako kwanza, yeye ndiye ampigie kaka yake. Usimtumie ujumbe.

---

Mfumbuaji

Naishi Uingereza pia, na The Times naifumbua tangu nikiwa mwanafunzi, kwa hiyo niruhusuni nimtetee mjomba kidogo. Gazeti hilo lilianza chemshabongo yake Februari 1930, na miaka ile ya mwanzo watunzi walikuwa wakijitungia watakavyo. Aliyeleta nidhamu ni mwalimu mmoja wa Kigiriki na Kilatini, Derrick Macnutt, aliyetunga kwenye Observer kuanzia 1939 kwa jina la Ximenes. Msimamo wake ni kwamba kidokezo kiwe na maana iliyo sahihi, maelekezo ya haki, basi. Neno la ziada lisiwepo.

Ugomvi wa mjomba uko kwenye hiyo haki. Yeye amezoea "geuza" kumaanisha herufi, nawe hukumwambia kwamba kwako maana yake ni silabi. Mchezo umeubadilisha wakati yeye ameshaketi kucheza. Silabi ni nzuri, naikubali, lakini iandike. Ukisema "kinyume", iwe silabi siku zote. Ukisema "kutoka nyuma", iwe herufi siku zote. "Geuza" peke yake iache kabisa, maana inabeba zote mbili.

Kidokezo chenyewe lakini, hongera. Sentensi nzima ni maelekezo na hapo hapo nzima ni maana. Kwa Kiingereza watunzi hukitafuta cha namna hiyo miezi.

---

Mwalimu Ngeli

Nimefundisha sarufi miaka 22 na sikuwahi kufikiri upatanisho wa kisarufi utakuja kuwa adui wa mtu. Ila ni kweli. Kwa Kiingereza neno halisemi ni la jamii gani. Kwetu kila kitenzi kinamtaja bwana wake. Ukiandika "anatembea upande" nimeshajua ni mnyama au mtu, nimefuta nusu ya kamusi. Ukiandika "chenye makali" nimeshajua ni kisu au kitu cha ki- mwenzake.

Dawa ipo, na moja umeshaitumia bila kujua. Soma tena cha bahari: "jahazi *husafiri*". Kiambishi hu- hakibagui ngeli. Mtu husafiri, mawingu husafiri, kitabu husafiri. Ndiyo maana kilikaa mpaka adhuhuri. Kwa hiyo KAA usiandike "Usisimame: anatembea upande (3)". Andika "Usisimame: hutembea upande". Neno moja limebadilika na mtu atahangaika, kwa sababu sasa "kaa" ya kuketi na kaa wa pwani wamesimama mlango mmoja.

Amri nazo hazina ngeli: toa, ruka, lima. Sifa zilizotoka Kiarabu nyingi hazipokei kiambishi, basi zitumie kwa wingi: safi, ghali, haba, laini, hodari. "Nyumba safi", "mtoto safi", "maji safi", hakuna kinachovuja. Ukitaka kuhusianisha, kwepa "ya, wa, cha", tumia "na" au "bila" au "katika". Na ukiweza, tunga bila kitenzi kabisa. Mfano wangu wa haraka: "Swala juu ya nyumba (3)". Msomaji anamwona mtu anaswali darini, kumbe swala ni mnyama. PAA.

---

Mporini Kilosa

Mwalimu shikamoo. Kidokezo kimenichekesha, lakini paa na swala ni wanyama wawili mbalimbali. Mtu wa porini atakukatalia. Si ndugu hapo juu kasema maana iwe sahihi?

---

Mwalimu Ngeli

Marahaba. Umenishika, nakubali. Basi kiwe "Ruka juu ya nyumba (3)", paa ya ndege kupaa na paa la nyumba. Picha ya mtu anayeswali darini imekufa, nami nimeisikitikia, ila maana imenyooka.

---

Yaya wa Bukavu

Salamu kutoka Kivu. Yaya, mimi naongeza la maneno ya mahali. Kaka mmoja wa Tanga alinitegea hiki: "Mnyama wa kukalia jikoni (5)". Nilikesha. Jibu MBUZI, kile kibao cha kukunia nazi. Kwetu nazi haikunwi, mbuzi tunayemjua ana ndevu! Sikukasirika, nimejifunza kitu, lakini watu wa grupu lako wametawanyika, hata Maskati wamo. Kubalianeni kamusi moja. Neno likiwa ndani yake ni halali hata kama mtu hajawahi kulisikia, lisipokuwemo mtunzi anashindwa.

---

Nahodha wa Kibokoni

Mbuzi imo kwenye Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI ya mwaka 1981, na za baadaye pia. Ila hoja yako ni ya kweli, yaya.

---

Fundi Miraba

Mleta uzi, umewahi kujaribu kutengeneza mraba mzima badala ya kidokezo kimoja kimoja? Mimi nilijaribu kwa herufi nikachoka, kila nikigeuka ni A na I. Kisha nikakumbuka Wajapani: chemshabongo yao kila kijumba kinabeba silabi nzima ya kana, yaani mwandiko wao wa silabi, si herufi. Nikajaribu kwa silabi, ikakubali. Tatizo likabaki kwenye M. "Mtu" ni vijumba viwili, m-tu, kwa sababu hiyo m inasimama yenyewe, lakini "mbuzi" pia ni viwili, mbu-zi. Ukipiga makofi unaisikia tofauti. Wanangu wanapiga makofi ndipo wanajaza.

Na hilo neno lako lililoleta ugomvi linatoa mraba mdogo kuliko yote:

MA | TE
TE | MA

Mlalo, mate halafu tema. Wima, mate halafu tema. Nimeuchora kwa chaki mlangoni kwangu.

Ukienda njia hii, nambari za mabano ziwe za silabi. Mjomba atakuwa hana pa kukushika.

---

Bi Mkasi

Mmeongea ya miraba yote hakuna aliyeuliza kama kampigia mama yake.

---

Msusi wa Maneno (mleta uzi)

Nimerudi baada ya siku tatu. Bi Mkasi, nimefanya kama ulivyosema. Mama kampigia kaka yake, kisha nikaunganishwa. Nilimwomba radhi kwa kumjibu mbele ya watu, na hilo nililisema kwanza kabla ya kitu kingine chochote. Alikaa kimya muda, nikasikia redio yake nyuma. Halafu akauliza: "Hiyo tema, uliitoa wapi?" Nikamweleza kinyume. Akasema marehemu bibi alikuwa akiwagombeza kwa kinyume wageni wakiwapo sebuleni, na yeye mwenyewe alishasahau.

Amerudi kwenye grupu kwa sharti kwamba kanuni ziandikwe. Tumeziandika: "kinyume" ni silabi, "kutoka nyuma" ni herufi, kamusi ni ya TUKI, mabano tumebakiza herufi kwanza mpaka tuzoee. Fundi Miraba, mraba wa silabi nautengeneza wiki ijayo nikiwa na siku mbili za mapumziko. Shemeji naye kaongeza la vitendawili: asiyeweza haambiwi jibu mpaka atoe mji. Jana nimepewa Bagamoyo, Pemba na Sur.

Leo asubuhi mjomba ametuma chake mwenyewe, cha kwanza maishani mwake kwa Kiswahili, nacho ni cha herufi, makusudi. Mwalimu, ona hiyo hu-:

"Amu kutoka nyuma hushikwa mezani (3)"

Saa nane zimepita na hakuna aliyekifumbua. Mimi mwenyewe nimekwama, na sitaki kumpa mji mjomba.

---

Mwana wa Amu

UMA. A-M-U, U-M-A. Mwambie mjomba wako watu wa huku kisiwani Amu, yaani Lamu, tunamsalimu, na kesho atutegee kingine.