Mlango wa treni ulibana mkanda wa mkoba, huwa unapimwaje?

Mpitanjia: Wakuu, jana mlango wa treni ulibana mkanda wa mkoba wangu. Mimi ndani, mkoba nje, na treni ikaondoka! Juzi ulinibana mkono ukafunguka wenyewe. Mbona mkanda haukuuhisi?

FundiMilango: Pole sana ndugu. Nimepima milango hiyo miaka tisa. Mlango hauna macho. Mara nyingi unahisi mota ikielemewa, au mpira wa ukingoni ukibonyezwa. Mkono ni mnene, mlango haufiki mwisho. Mkanda mwembamba unamezwa na mpira, kufuli linaingia, taa ya dereva inaonyesha milango yote imefungwa, treni inaruhusiwa kuondoka. Kwenye majaribio tunabanisha kipande kigumu, tunapima nguvu ya kubana juu, katikati na chini. Kisha tunabanisha kitambaa na kukivuta tuone kama kinachomoka. Hapo kwenye kitambaa ndipo tunapokesha.

BiMaswali: Si mngeongeza tu wepesi wa kuhisi?

FundiMilango: Tuliwahi, dada. Mlango ukawa unafunguka kwa mchanga wa kizingitini, treni haiondoki. Tulitukanwa mpaka basi.

Mpitanjia: Mkoba nimeupata. Mkanda ndio hauna mwenyewe tena.