Kukandwa kichwa, shingo na taya kwa mkono mwepesi: tupeane uzoefu

Habari zenu wapendwa. Mimi ni fundi cherehani, Tanga. Mwaka jana, msimu wa sare za shule, kichwa kilinibana kama nimefungwa kamba kuanzia kisogoni hadi kwenye paji. Nikaenda kwa mtaalamu wa fiziotherapia nikitegemea atanikanda shingo kwa nguvu. Akaniuliza, "Mama, usiku unasaga meno?" Mume wangu akajibu kwa niaba yangu: ninasaga mpaka anaamka.

Akanilaza chali, akakipokea kisogo kwa viganja viwili, akatulia. Nilidhani hajaanza. Baada ya dakika kadhaa nikahisi shingo inalegea yenyewe. Kisha akaweka vidole mbele kidogo ya masikio, kwenye ule msuli wa taya unaotuna unapokaza meno, akauzungusha polepole. Taya likaachia, machozi yakanitoka. Sikujua nimelibana miaka yote hiyo.

Na wengine mtueleze yenu.

Dereva, Morogoro
Dada, hongera kwa kumpata mwenye subira. Mimi kinyozi alimaliza kuninyoa, akanikanda kichwa vizuri tu, halafu akaipindua shingo ghafla ili ilie. Kizunguzungu siku mbili. Daktari alinieleza kuwa kuna mishipa inayopeleka damu kwenye ubongo ikipita ndani ya mifupa ya shingo, na kuipindua ghafla kunaweza kuichana, mtu akapata kiharusi. Siku hizi nakaa kitini nasema mapema: mafuta na vidole sawa, shingo usiipindue.

Mama wa watatu, Mombasa
Nyanya yangu alikuwa akipasha mafuta ya nazi, ananikalisha mkekani, kichwa magotini pake. Akianzia kwenye panja, akishuka nyuma ya masikio. Mkono wake haukuwahi kuniumiza. Akina dada, angalieni na misuko pia: mimi nikisukwa kwa kukazwa, kichwa hakitulii hadi nifumue.

Muuguzi, Dodoma
Naomba tusikande kila kichwa. Maumivu makali yaliyokuja ghafla, homa na shingo kukakamaa, mkono kuishiwa nguvu, kuona giza: hospitali mara moja. Taya lililokakamaa baada ya jeraha linaweza kuwa pepopunda. Na anayemeza dawa za maumivu siku 15 au zaidi kwa mwezi ajue zenyewe zinaweza kuendeleza maumivu.

Mwanafunzi, Uingereza
Huku nilifanyiwa ile tiba ya kugusa fuvu iliyoanzishwa na Mmarekani John Upledger miaka ya 1970. Wanasema wanahisi mapigo ya maji ya ubongo kwa vidole. Utafiti haujayathibitisha hayo, nami siyatetei. Ila nilitoka mabega yameshuka, nikalala usiku kucha.

Fundi, Tanga
Asanteni sana. Muuguzi, umenisaidia, mimi nilikuwa nameza kila siku. Sasa kila nikibadilisha bobini nakagua: midomo imefungwa, meno hayagusani, mabega chini. Kichwa bado kinarudi, lakini si kila siku.

Mtaalamu amesema safari ijayo atavaa glovu aukande ule msuli kwa ndani ya shavu. Kuna aliyefanyiwa? Unauma?